Vyeti vya Mwuza Chakula na Faida Zake

Katika mazungumzo ya leo tumekusudia kusema nanyi habari za chakula cha kuuza, na vyeti ambavyo sheria yamtaka mwuzaji awe navyo. Twajua ya kuwa neno hili "leseni" halipendezi katika masikio ya watu wengi. Mtu alisikiapo hukumbuka fedha itokayo mkononi, safari ya kwenda mjini, na karani asemaye, "Njoo kesho." Hata hivyo twawaomba mtusikilize mpaka mwisho, maana jambo hili si la makarani peke yao. Ni jambo la tumbo la kila mmoja wetu, na ni jambo la riziki ya jirani zetu wengi.

Kwanza na tutazame tofauti iliyopo kati ya chakula cha nyumbani na chakula cha kuuza. Nyumbani mlaji amjua mpishi. Amemwona akiosha mchele, ajua maji yametoka kisima kipi, na mpishi akiwa mgonjwa siku hiyo, nyumba nzima ina habari. Chakula cha kuuza si hivyo. Msafiri ashukaye katika gari Morogoro au Korogwe hana nafasi ya kuuliza maswali. Ana njaa, na gari litaondoka upesi. Aiona sahani iliyo mbele yake, basi. Jiko li nyuma ya ukuta, na pipa la maji li nyuma ya jiko. Macho yake hayafiki huko.

Basi hapana budi awepo mtu mwingine wa kwenda kutazama kwa niaba yake, na iwepo alama ya kuonyesha kwamba mtu huyo alikwenda, akatazama, akaridhika. Mtu huyo ndiye Bwana Afya, na alama hiyo ndiyo cheti. Mkisahau yote tutakayoyasema leo, likumbukeni hili moja: cheti cha mwuza chakula ni jicho la mlaji.

Watu wengi huvichanganya vyeti hivi, wakadhani ya kuwa vyote ni kitu kimoja chenye majina mengi. Sivyo. Kila cheti kina swali lake. Swali la kwanza ni hili: Ni nani afanyaye biashara hii, na wapi? La pili: Je, mpishi ni mzima? La tatu: Je, mahali pa kupikia ni safi? Na kwa vyakula vinavyofungwa katika mifuko na chupa, liko swali la nne: Je, kilichomo ndani ndicho kilichoandikwa nje, nacho ni salama?

Swali la kwanza hujibiwa na leseni ya biashara. Katika Tanzania Bara leseni hizi zasimama juu ya Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972, na mwenye mkahawa mdogo huipata katika halmashauri yake, ikiwa ni ya wilaya, ya mji, ya manispaa au ya jiji. Kabla ya kuipata yampasa awe na namba ya mlipa kodi itolewayo na Mamlaka ya Mapato, na namba hiyo haitozwi ada. Leseni yasema ya kwamba fulani anafanya biashara fulani mahali fulani. Haisemi neno lo lote juu ya usafi wa sufuria zake. Sisi walimu twaweza kuifananisha na daftari la shule. Mtoto akiandikwa jina lake katika daftari, twajua ya kuwa yumo darasani. Lakini hatujui bado kama aweza kusoma. Kuandikwa ni jambo moja, na kupimwa ni jambo jingine.

Mfano wa jambo hili ulionekana katika mwezi wa Desemba mwaka 2018. Wakati huo Rais John Magufuli aliagiza wafanya biashara wadogo, ambao mauzo yao kwa mwaka hayakupita shilingi milioni 4, wapewe vitambulisho kwa shilingi 20,000. Shabaha yake ilikuwa kuwaondolea usumbufu wa kufukuzwa na kutozwa ushuru kila siku, na mama ntilie walikuwa miongoni mwa waliovichukua. Lilikuwa jambo jema kwa riziki yao. Lakini kitambulisho kile kilijibu swali la kwanza tu. Hakikumpima mpishi, wala hakikufunua kifuniko cha pipa la maji.

Swali la pili ndilo liwaudhilo wapishi wengi. Mpishi husema, "Mimi ni mzima. Nalala na kuamka vema, nabeba ndoo ya maji kichwani bila taabu. Kwa nini niitwe hospitali kupimwa choo kama mgonjwa?" Swali lake ni la haki, na jibu lake twalipata katika habari ya mwanamke mmoja aliyeishi Marekani, jina lake Mary Mallon.

Mary Mallon alizaliwa Ireland mwaka 1869, akavuka bahari akiwa kijana, akawa mpishi katika nyumba za matajiri wa New York. Alikuwa mpishi hodari. Katika siku za joto za mwaka 1906 alipika katika nyumba moja ya Oyster Bay, si mbali na mji ule, na kati ya watu 11 wa nyumba ile watu 6 waliugua homa ya matumbo. Mtaalamu mmoja aitwaye George Soper aliitwa achunguze. Alichunguza maji na vyakula, asione sababu. Ndipo alipouliza habari za mpishi, akazifuata nyayo zake nyuma, nyumba kwa nyumba, akaona ya kuwa karibu kila alikopika homa ile ilizuka. Mwenyewe hakuonekana mgonjwa hata kidogo. Machoni pa watu alikuwa mzima, walakini vijidudu vya homa ya matumbo vilikaa katika mwili wake, vikatoka pamoja na choo, vikapita mikononi mwake, vikaingia katika chakula.

Mwaka 1907 wakuu wa afya walimkamata, wakamtenga katika kisiwa. Mwaka 1910 walimfungua, naye akaahidi kwamba hatawapikia watu tena. Alipewa kazi ya kufua nguo, lakini mshahara wa dobi ulikuwa mdogo kuliko mshahara wa mpishi. Baada ya muda alibadili jina lake, akarudi jikoni. Mwaka 1915 homa ya matumbo ilizuka katika hospitali ya wazazi huko New York. Watu 25 waliugua, na 2 wakafa. Walipomtazama mpishi, kumbe ni yeye yule. Alirudishwa kisiwani, akakaa huko mpaka alipokufa mwaka 1938.

Tumeieleza habari hii kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni kuonyesha ya kwamba uzima wa mwili si ushahidi wa kutosha. Mtu aweza kubeba ndoo kichwani bila taabu, na huku amebeba ugonjwa tumboni bila kujua. Kwa hiyo hapa kwetu Tanzania, na kwa jirani zetu wa Kenya, watu washikao chakula cha kuuza hutakiwa kupimwa mara kwa mara, na muda uliozoeleka ni kila miezi 6. Aitwaye kupimwa hashitakiwi kosa. Tena, akionekana kuwa na vijidudu, leo zipo dawa za kuviondoa, ambazo hazikuwako wakati Mary Mallon alipokamatwa. Sababu ya pili ya kuieleza habari hii yahusu njaa ya mpishi mwenyewe, nasi tutairudia mbele.

Sasa twafika katika swali la tatu, yaani mahali pa kupikia. Hapa ndipo Bwana Afya ajapo kwa miguu yake. Tuseme mama mmoja auza wali na maharagwe karibu na stendi. Bwana Afya afika asubuhi. Mama amwambia, "Shikamoo, Bwana Afya. Karibu, lakini leo bado hatujaanza kuuza." Naye ajibu, "Marahaba, mama. Nimekuja kwa kuwa hamjaanza. Nionyeshe maji unayotumia." Atatazama pipa kama lina kifuniko, na kata ya kuchotea kama yawekwa mahali safi. Atauliza choo ki wapi, na maji ya kunawa yako wapi. Atatazama kucha za wapishi, na nguo zao, na kama wamefunga nywele. Atatazama takataka zatupwa wapi, na sahani zaoshwa katika maji mangapi. Atatazama nyama mbichi imewekwa wapi, na kisu cha kuikatia kama ndicho kile kile cha kukatia kachumbari. Mwanafunzi asikiaye maneno haya aweza kuyaona madogo. Lakini kifo nacho hupita katika mlango mdogo.

Shirika la Afya la Dunia lilitoa mafundisho mwaka 2001, likayapanga katika mambo matano ambayo hata mtoto wa shule aweza kuyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Dumisha usafi. Tenga chakula kibichi na kilichopikwa. Pika mpaka kiive sawasawa. Weka chakula katika moto au baridi ipasayo. Tumia maji na vyakula vilivyo salama. Katika jambo la nne watu wengi hukosea, kwa kuwa wali uliopikwa saa kumi na mbili asubuhi huuzwa hata saa nane mchana, nao umekaa tu katika sufuria. Mafundisho yale yasema ya kwamba chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 bila ya kutiwa mahali pa baridi, au kuwekwa katika moto upitao digirii 60. Maana vijidudu hupenda vuguvugu, kama vile mbegu ipendavyo udongo wenye maji.

Na mkitaka kujua kazi ya daftari la mahali pa chakula, kumbukeni mwaka 2015. Katika mwezi wa Agosti mwaka huo kipindupindu kilianza Dar es Salaam, kikaenea katika mikoa mingi, na kufika mwaka uliofuata watu zaidi ya 20,000 walikuwa wameugua, na mamia wamekufa. Siku kama zile, wenye mamlaka hukimbilia kupiga marufuku uuzaji wa chakula mahali pa wazi. Na mahali pasipo na daftari hawawezi kumtenga mama aliye safi na yule aliye mchafu. Huwafunga wote. Yule aliyechemsha maji kila siku, akafunika vyakula vyake, akanawa kwa sabuni, huzima jiko lake siku moja na yule ambaye hakujali. Usafi wake aujua yeye na Mungu wake, lakini haukuandikwa mahali po pote. Hapo ndipo cheti kinapokuwa ngao ya mwuzaji mwenyewe, wala si jicho la mlaji tu.

Mtu atauliza, "Vema, nimesadiki. Niende wapi?" Twaona ni lazima kulieleza jambo hili, kwa kuwa mambo yamebadilika na wengine wangali wakifuata njia ya zamani. Tangu mwaka 2003 kazi ya kusimamia usalama wa chakula Tanzania Bara ilikuwa mikononi mwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Tarehe 1 Julai 2019 kazi ya chakula ilihamishwa, ikapewa Shirika la Viwango Tanzania, liitwalo TBS, na mamlaka ile ya kwanza ikabaki na dawa na vifaa tiba. Kwa hiyo usajili wa mahali pa chakula na wa vyakula vifungwavyo uko chini ya TBS. Walakini mtu wa kijijini asiogope jina la shirika kubwa. Aanze kwa Bwana Afya wa kata au wa halmashauri yake, naye atamwonyesha njia. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanao Wakala wa Chakula na Dawa wa Zanzibar. Na huko Kenya, tangu mwaka 2013 leseni hizi zimekuwa kazi ya serikali za kaunti.

Na tulitazame swali la nne, la vyakula vya kufungwa. Mwaka 2004, katika sehemu za mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na kati yao 125 wakafa. Sumukuvu ni sumu itokayo katika kuvu iotayo juu ya nafaka na karanga zisipokaushwa vema, au zikiwekwa ghalani na unyevu. Haina harufu wala ladha ya kumwonya mlaji, na kupika ugali hakuiondoi. Wachunguzi walipochukua mahindi na unga katika maduka na masoko ya sehemu zile, zaidi ya nusu ya vile walivyovipima vilikuwa na sumu kupita kiasi cha sheria. Lakini mahindi ya gunia hayana jina. Yakiisha kumiminwa katika pishi na debe, ni nani ajuaye yalitoka kwa nani?

Sasa linganisheni na mwezi wa Novemba mwaka 2019. Katika mwezi huo Shirika la Viwango la Kenya liliona sumukuvu kupita kiasi katika aina tano za unga wa mahindi, likapiga marufuku uuzaji wake. Safari hii majina yalikuwako. Kila mfuko ulikuwa umeandikwa, na kila jina lilikuwa katika daftari. Majina yalitajwa katika magazeti na katika redio, na mama aliye nyumbani akaweza kuutazama mfuko wake mwenyewe na kuamua. Sumu ilikuwa ile ile, katika nchi ile ile. Tofauti ilikuwa katika daftari.

Na kiasi cha sumu kinachoruhusiwa ni kidogo mno. Katika kanuni za Afrika ya Mashariki, sumukuvu yote katika mahindi haitakiwi kupita sehemu 10 katika sehemu milioni elfu moja. Ni kama kuhesabu punje milioni elfu moja, ukatafuta ndani yake punje 10 mbaya. Hakuna jicho la mwanadamu liwezalo kufanya hivyo, hata likiwa la mkulima wa miaka sitini. Yatakiwa mashine za kupimia, na watu waliofundishwa kuzitumia. Ndiyo maana akina mama wa ushirika wanaosaga unga wa lishe wa kuuza, au kukamua mafuta ya alizeti, au kutengeneza siagi ya karanga, hawawezi kusema, "Sisi twajijua kuwa wasafi, yatosha." Usafi wao ni jambo la kwanza, lakini haufiki mwisho wa njia. Kwa watu kama hao liko pia Shirika la SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973 kusaidia viwanda vidogo, ambalo hufundisha namna ya kutengeneza na kufunga vyakula kabla ya kwenda kupimwa.

Wasikilizaji wetu, tungekuwa hatusemi kweli yote kama tungeishia hapa. Maana wako watu wenye akili wasemao ya kwamba vyeti hivi ni mzigo, nao wana hoja. Wa kwanza husema, "Kizuri chajiuza. Maandazi yangu huisha kabla jua halijapanda. Yanahitaji cheti gani tena?" Huyo twamjibu ya kuwa ulimi ni hakimu wa ladha, wala si hakimu wa vijidudu. Watu wa Oyster Bay walivipenda vyakula vya Mary Mallon. Methali yetu ni ya kweli kwa utamu. Kwa usalama haikuahidi kitu.

Wa pili husema, "Mtaji wangu ni mfuko mmoja wa unga na chupa mbili za mafuta. Nikipoteza siku tatu nikizunguka ofisini, watoto watakula nini?" Huyu hatuna ruhusa ya kumcheka, wala hatuwezi kumjibu kwa methali. Na hapa ndipo tuirudiapo ile sababu ya pili ya habari ya Mary Mallon. Wakuu wa New York walikuwa na haki kumkataza kupika. Lakini walimnyang'anya mwiko, wakampa kazi ya fedha kidogo, wakadhani ya kuwa ahadi yatosha. Riziki ilimvuta, akabadili jina, akajificha. Na jiko lililofichwa ni baya kuliko jiko chafu, kwa sababu jiko chafu laweza kuonekana, likasafishwa.

Kwa hiyo neno letu la leo lina pande mbili. Upande mmoja twamwambia mwuzaji: jiandikishe, upimwe. Upande wa pili twawaambia wenye ofisi: fanyeni kuandikwa kuwe rahisi. Katika Uingereza mtu atakaye kufungua biashara ya chakula hutakiwa kujiandikisha katika halmashauri yake siku 28 kabla ya kuanza. Hatozwi ada, wala halmashauri haiwezi kukataa kumwandika. Akiisha kuandikwa, ndipo wakaguzi huja kulitazama jiko lake. Tangu mwaka 2010 hupewa alama za usafi, kutoka 0 mpaka 5, mfano wa mtihani wa shule, na katika nchi ya Wales sheria ya mwaka 2013 yamlazimisha aibandike alama hiyo mlangoni, ili kila apitaye aisome kabla hajaingia. Hatusemi ya kuwa mambo ya Uingereza yafaa yote kwetu. Kibanda cha stendi si hoteli ya London. Lakini mpango ule una busara ndani yake: mlango wa kuandikwa ni mpana, na mlango wa kupimwa ni mwembamba. Mahali ambapo mlango wa kuandikwa ni mwembamba, maskini hubaki nje, nasi hula kwao bila kujua lo lote juu ya jiko lao.

Liko na neno moja gumu zaidi. Mara nyingine cheti hununuliwa. Mkaguzi hupewa kitu mkononi, naye huandika kuwa ameona maji safi ambayo hakuyaona. Cheti cha namna hiyo ni kama jicho la kioo: lapendeza usoni, lakini halioni. Atoaye na apokeaye wote wawili wamemwibia mlaji, maana yeye aliamini ya kuwa pana mtu aliyetazama kwa niaba yake. Afadhali ukuta usio na karatasi, kwa kuwa huo haumdanganyi mtu.

Sasa kwa maneno machache na tuwaambie watu wa kila namna yaliyo wajibu wao. Ewe mama, au ewe bwana, utakaye kuuza chakula: usingoje kukamatwa. Nenda kwa Bwana Afya kabla hujawasha moto wa kwanza, umwulize mahali ulipopachagua pafaa ama hapafai. Ni nafuu kuhamisha kibanda kabla hujakijenga. Pata namba yako ya mlipa kodi, kisha leseni ya halmashauri. Wapeleke wapishi wako wapimwe, nawe uwe wa kwanza katika safu. Viweke vyeti vyote mahali pamoja, uandike katika daftari siku ya kuisha kwa kila kimoja, maana cheti kilichopita muda wake hakisemi kitu. Mpishi wako akiharisha, au akiwa na jipu mkononi, mpe kazi nyingine mpaka apone, wala usimkate ujira wake. Ukimkata, kesho ataficha ugonjwa, nawe utakuwa umejitengenezea Mary Mallon wako.

Ewe mnunuzi: usione haya kuuliza. Katika nchi zetu mgeni huona ni utovu wa adabu kuuliza habari za jiko la mwenyeji wake, na desturi hiyo ni njema nyumbani. Lakini mahali unapolipa fedha wewe si mgeni, wewe ni mnunuzi. Waweza kusema kwa upole, "Mama, samahani, cheti cha afya kiko wapi?" Mwenye nacho atakuonyesha kwa furaha, kwa kuwa alitaabika kukipata. Tena mwuzaji aliyejitahidi asipoona mtu wa kuuliza, mwaka wa pili atajiuliza mwenyewe, "Nilitaabika kwa faida gani?"

Nanyi wanafunzi: ninyi ndio mnaosoma katika nyumba nyingi. Mama akirudi dukani, uchukueni mfuko wa unga au chupa ya mafuta, msome kwa sauti. Tafuteni jina la mtengenezaji na mahali alipo, siku ya kutengenezwa, siku ya kuisha, na alama ya shirika la viwango. Mkikuta mfuko usio na jina, mwulizeni mama aliununua wapi. Somo hilo halina mtihani mwisho wa mwaka, lakini laweza kuokoa nyumba nzima.

Wasikilizaji wetu, wakati wetu umekwisha. Hatukuwaambia ya kuwa karatasi hupika, wala ya kuwa karatasi huosha mikono. Maji na sabuni ndivyo vioshavyo mikono, na moto ndio upikao. Karatasi hutushuhudia tu ya kwamba mtu mwaminifu alikwenda nyuma ya ukuta, akayaona hayo yakifanyika. Basi mwuzaji asikatae kutazamwa, na mtazamaji asikubali kununuliwa, na ofisi isimchoshe maskini, ili sahani iwekwapo mbele ya msafiri mwenye njaa, ale bila hofu, apande gari lake, afike kwake salama. Kwa herini.